Lebo ya Uongo ya Ua la Isingiro

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtunza Mimea Mkuu alinikabidhi mbao mbili za kubania, mikanda yake na rundo la magazeti ya zamani. "Byarugaba," aliniambia, "lebo ukiikosea, ni afadhali usingeuchuma mmea wenyewe." Maneno mazuri. Laiti angeyafuata mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kuchuma mimea, kuikausha katikati ya magazeti, kuibandika kwenye karatasi ngumu na kuitunza kabatini. Kila karatasi ilipata lebo: jina la mmea, mahali ulipoota, mwinuko, tarehe na mchumaji. Kabla ya hapo, papo hapo porini, tulifunga kwenye shina kikaratasi chenye namba ya penseli, na namba hiyo hiyo tukaiandika kwenye daftari la safari.

Mwaka wangu wa tatu tulitumwa Kyerwa, mkoani Kagera, kutafuta mmea wa msitu wa mlimani, unaotambaa, wa ukoo mmoja na viazi vitamu. Ua lake ni la zambarau, kama tarumbeta ndogo. Hufunguka asubuhi, na jua likipanda limekwisha kunyauka. Aliyeujua ni Mama Kokugonza, mkulima wa kijiji cha Isingiro mwenye kibanja cha migomba chini ya mlima. Nilipanda naye kulipopambazuka. Mkuu alibaki ndani ya gari barabarani.

"Waitu, ndugu yetu, huu usiufananishe na ule wa mashambani," mama aliniambia, akiinua ua kwa vidole viwili. "Huu haushuki. Miti ikiondoka, nao unaondoka."

Niliubania pale pale, nikaandika kila kitu. Wiki mbili baadaye nikaiona lebo iliyopigwa chapa: "Kyerwa, kando ya barabara." Mchumaji: jina la Mkuu.

"Mzee, shikamoo. Hapa pamekosewa," nilimwambia.

"Marahaba. Wewe ni mbeba mbao," alinijibu bila kuinua macho. "Rudi kazini."

Nilirudi kazini. Aibu hiyo ni yangu.

Miaka mingi baadaye, Mkuu akiwa amekwisha kustaafu, iliitishwa mikutano ya kijiji: msitu ule ukatwe, ipandwe misonobari. Mtaalamu mmoja alisimama na karatasi mkononi akasema kumbukumbu zinaonyesha mmea ule huota kando ya barabara, kwa hiyo msitu hauna cha kulindwa. Mama Kokugonza, sasa mzee wa mkongojo, alinyoosha mkono, akasema mmea huo ni wa msituni. Walioongoza mkutano wakamwambia kumbukumbu za kitaalamu haziwezi kupingwa kwa maneno matupu.

Nami nilikuwepo mkutanoni. Nilirudi ofisini nikatoa ile karatasi kabatini. Kikaratasi cha penseli kilikuwa bado kimefungwa kwenye shina, kwa mwandiko wangu. Nikafungua daftari la safari: namba ile ile, msitu, mwinuko, na "ameonyesha Mama Kokugonza." Nikaviweka mbele ya Msimamizi mpya wa ofisi yetu, binti mwenye umri wa mwanangu.

Alisoma mara mbili. "Mzee, mbona ulikaa kimya miaka yote hii?"

Nilimsogezea kalamu. Aliandika lebo ya masahihisho siku hiyo hiyo, akatuma barua kijijini. Barua ilipofika, mteremko wa chini ulikuwa umeshafyekwa. Wa juu ukasalimika.

Nilistaafu mwaka uliofuata, na hasira haijastaafu. Leo ninyi wachumaji vijana mna simu zinazosoma mahali zenyewe, na bado naona lebo zimeandikwa "Kagera" tu. Kagera! Mkoa mzima, kuanzia ziwani hadi mpakani! Na wanaowaongoza porini mnawaandika "mwenyeji." Hawana majina? Mkubwa akikubadilishia lebo, kataa siku ile ile, hata akikufukuza.

Nilikwenda Isingiro kumweleza Mama Kokugonza kwamba jina lake sasa limo kabatini, na uongo umesahihishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha kahawa, kisha akautazama mteremko wa chini, uliobaki visiki vitupu.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Na ile miti iliyokuwa hapa, nayo mtaisahihisha?"