Mwezi wa Kunyamaza

Mwalimu wa kwaya yetu, pale parokiani Mangobo, tulimwita maître. Alikuwa mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mtu mfupi mwenye kifua kipana. Kabla ya kutufundisha wimbo wowote alitulaza sakafuni, kila mtu na kitabu juu ya tumbo, mpaka kitabu kipande na kushuka polepole kwa pumzi.

"Shingo haiimbi," alikuwa akisema. "Ni tumbo ndiyo inaimba. Shingo ni njia tu."

Nilishika somo hilo upesi, kwa hiyo nilipewa sauti ya kwanza. Lakini lipo somo moja nililokataa. Aliniambia nyimbo za juu sana si zangu, kwamba sauti yangu inapendeza pale katikati. Mimi nilitaka zile za juu, kwa sababu watu waligeuka kutazama.

Wiki ya Pasaka nilipewa solo, wimbo wa juu wa kuimba peke yangu. Jumatano koo likaanza kuwaka. Ijumaa nilikuwa nasikia kama nimemeza mchanga. Maître aliniuliza mbele ya wenzangu:

"Koo inakuuma?"

"Hapana, maître. Niko muzima."

Kulikuwa na msichana mwingine aliyeujua ule wimbo, nami niliogopa akiuimba mara moja utakuwa wake. Jumapili nikanywa maji ya tangawizi, nikaimba. Katika ubeti wa mwisho nilisukuma kwa shingo, nikasikia kitu kimekatika. Sauti ikatoka kama pumzi tupu. Yule msichana akaudaka wimbo na kuumaliza.

Daktari alisema nyuzi za sauti zimevimba na zina vinundu. Dawa yake: mwezi mzima bila kusema neno, hata kunong'ona. Nikatembea na daftari na kalamu.

Mwezi huohuo papa, baba yangu, akazidiwa. Alikuwa amepiga kafi mtoni tangu ujana wake, akisafirisha mihogo na samaki kutoka Isangi, na sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Macho nayo yalikuwa yamefifia, hakuweza kusoma daftari langu. Siku moja mchana, dada yangu akimnywesha uji, papa aligeuza kichwa upande wangu.

"Mutoto, niimbie ile wimbo ya kupiga kafi. Ile ya mama yangu."

Nilifungua mdomo. Dada akawahi: "Papa, hawezi. Munganga amemukataza mpaka mwezi uishe."

"Bon," papa akasema. "Basi nitangojea."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Alifariki zikiwa zimebaki nne.

Matangani kwaya ilikuja yote. Nilisimama katika mstari wangu, mdomo umefungwa, machozi yakinishuka. Wengine wasiojua habari ya koo walidhani ni uchungu umenifunga, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Sauti ilirudi baadaye, nzito, bila zile noti za juu. Maître hakunigombeza. Alinihamishia safu ya sauti ya pili, akanipa karatasi zake za nyimbo. Alipozeeka, mazoezi ya wasichana yakawa kazi yangu.

Ninawaambia wanywe maji siku nzima, wasingoje dakika ya kupanda mbele. Wachague wimbo wanaoweza kuuimba hata siku ya uchovu. Koo likiuma, waseme.

Mwezi uliopita mmoja wao alikuja na kikohozi, na Jumapili alikuwa na solo. "Utakaa, hautaimba," nilimwambia. Alilia, akasema namwonea wivu. Nilitaka kumweleza juu ya papa, badala yake nikachukua karatasi ya wimbo. Nikampa solo mwenzake.

Mazoezi yaliyofuata hakunisalimia. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, akanywa maji yake, hakuimba. Nilimwacha hivyohivyo, nikawaambia wengine walale sakafuni.