Mashine Mbili na Njia ya Fundi Saa

Mtaani walimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Lilitoka kwa watoto waliokuwa wakipita kando ya ua asubuhi wakienda shule, wakimwona ameinama juu ya nyasi, na saa saba wakirudi wanamkuta hajasogea hatua ishirini. Watoto hao sasa wana vitambi na mvi. Yeye alikuwa bado pale pale, kila Jumanne na Ijumaa, na fyekeo lake, kinoo mfukoni, na ule mkasi mrefu wa majani aliouviringishia kitambaa ili umande usile makali yake.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Kutoka barazani hadi kwenye benchi la mbao ilikuwa hatua arobaini na tatu, na upana wake pengine thelathini. Lakini mtu aliyekata nyasi za mahali pamoja kwa miaka thelathini na mmoja hapimi kwa hatua. Taratibu alijua pale ardhi inapobonyea baada ya mvua, alijua mzizi uliotokeza kama goti la mtu aliyelala chini ya shuka, na kwa mlio wa chuma tu alijua kama majani yameshiba maji au yamekauka. Kazi ile zamani ilikuwa na sauti zake. Asubuhi ungesikia mafyekeo nyumba hadi nyumba, hili likijibu lile, na wakataji wakisalimiana juu ya ua bila kuinua vichwa. Wakaondoka mmoja mmoja. Zikaja injini za kunguruma na kunuka mafuta, watu wakaziba masikio na kuita hayo maendeleo. Na sasa hata injini hizo zimekuwa za kizamani.

"Hizi hazina kelele, mjomba," alisema binti wa nyumba ile. "Hata paka hatashtuka."

Binti huyo alikuwa daktari wa meno katika mji mwingine, na alikuja kumwona mama yake mwisho wa juma. Safari hii alikuja na makasha mawili. Katika moja mlikuwa na mashine nyeusi, kubwa kama sinia la harusi, yenye jicho la kioo mbele na kijiti mgongoni cha kupokea habari za setilaiti. Katika la pili mlikuwa na mashine ndogo ya kijani, haina jicho wala kijiti, imefungwa pamoja na rundo la waya. Duka liliwapa majuma mawili wazijaribu zote, kisha warudishe moja.

"Na mimi mnanirudisha duka gani?" aliuliza Taratibu.

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwezi uliopita alimkuta mzee ameketi juu ya toroli, mkono kiunoni, uso umejaa jasho, na alipomuuliza alijibiwa kwamba anasikiliza nyasi zikiota. "Mjomba, mgongo wako umekwisha. Sitaki siku moja tukukute umelala hapa. Wewe ndiye unayeijua bustani hii, tusaidie kuchagua, basi. Ukishachagua, upumzike."

Taratibu akaitazama mashine nyeusi, akaitazama ya kijani. Alijiona kama mtu aliyeitwa dukani apimishe kitambaa cha sanda yake mwenyewe, tena aombwe asichelewe.

Barazani, kwenye kiti cha kamba, aliketi mama mwenye nyumba. Wote walimwita Mwalimu, kwa kuwa nusu ya mtaa ilijifunza kusoma mbele ya fimbo yake. Alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti zao, akitabasamu kidogo, kikombe cha chai mkononi.

"Mchagueni mpole," alisema. "Nyumba hii haijawahi kuwa na mkali isipokuwa mimi."

Ile nyeusi ndiyo iliyoanza, kwa sababu haikuhitaji kuchimbiwa kitu. Daktari alizunguka nayo bustani mara moja, akiiongoza kwa simu, mashine ikatia ramani yote kichwani. Kisha ikatoka peke yake. Na kweli haikuwa na kelele. Ilikuwa na mnong'ono tu, kama mtu anayehesabu chini kwa chini. Ilikwenda moja kwa moja hadi ukutani, ikageuka, ikarudi kando ya mstari wake, ikageuka tena. Taratibu aliketi juu ya toroli lake akaifuata kwa macho, na jua la saa kumi, na harufu ya majani mabichi, na ule mnong'ono, vikamchukua polepole, asijue kama anaona bustani ya leo au ya zamani.

Alimwona fundi saa.

Fundi saa alikuwa mume wa Mwalimu. Alitengeneza saa za watu kwa miaka arobaini katika chumba kidogo chenye taa moja, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa kwenye jicho, mpaka macho yote mawili yakamwishia. Asubuhi moja alimwita Taratibu, akavua viatu, akasimama kwenye nyasi.

"Nikatie njia," alisema. "Kutoka barazani hadi kwenye benchi. Uikate chini sana, nyayo zisikie kama zulia lililochakaa. Kando zote mbili acha nyasi ndefu kidogo. Nikitoka njiani, nyasi zitaniambia."

"Na ile ngazi kabla ya benchi?"

Fundi saa alifikiri. Alikuwa na saa ya mkononi isiyo na kioo, yenye vinundu penye tarakimu, na kidole chake kilikuwa juu yake muda wote. "Hatua moja kabla ya ngazi, niachie ukanda mrefu ukatize njia. Upana wa kiganja. Mguu ukigusa hapo, utajua saa imefika."

Basi ikawa hivyo. Fyekeo halikuweza kazi ya njia ile, kwa hiyo Taratibu aliikata kwa mkasi, amepiga magoti, mara mbili kwa juma. Watoto walicheka: mzee anazinyoa nyasi ndevu. Na fundi saa alitembea bustani yake peku, mikono nyuma, bila fimbo na bila kushikwa mkono, miaka minane mizima. Alipofariki, hakuna aliyemwambia Taratibu aendelee wala aache. Miaka sita ilikuwa imepita, na njia bado ilikuwepo, chini kama zulia, na ukanda wake wa kiganja. Mwenyewe angesema mkono ulizoea. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mnong'ono ukakoma. Taratibu akafumbua macho. Mashine nyeusi ilikuwa imerudi kibandani kwake kula chaji, na bustani nzima ilikuwa imelala sawasawa kama meza. Mashine iliwekewa kimo cha chini kabisa, ikaishusha bustani yote hadi pale ilipokuwa njia. Ukanda mbele ya ngazi haukuwepo.

"Umeona?" daktari alisema kwa furaha. "Hata saluni hawanyoi hivi."

"Nimeona," alisema Taratibu.

Daktari aliondoka Jumapili hiyo jioni. Jumatatu haikuwa siku ya Taratibu, lakini alijikuta njiani na fyekeo lake, bila kujua anakwenda kukata nini. Umande ulikuwa bado. Alifungua geti dogo la nyuma kama kawaida yake, na akasimama.

Mwalimu alikuwa katikati ya bustani, peku, kanga mabegani. Hakuwa akitembea. Aliinua mguu, akapapasa mbele, akaurudisha. Akapapasa kulia, kushoto, nyasi zile zile kila upande. Uso wake ulielekea ukutani, si kwenye benchi wala barazani, na mkono mmoja ulikuwa umeinuka hewani, kama mtu anayetafuta mlango katika chumba ambacho jana kilikuwa chake.

Ndipo mambo mengi yakamjia Taratibu kwa pamoja. Kidole anachotia kikombeni akimimina chai. Magazeti yanayokaa bila kukunjuliwa. Namna anavyongoja mtu aseme kwanza ndipo amwamkie. Naye aliyadhani ni uzee, akayapita, yeye anayejidai kujua hata nyasi zinasema nini.

Angeweza kumwita. Angeweza kwenda kumshika mkono. Lakini mwanamke aliyesomesha nusu ya mtaa haokotwi nyasini kama kuku aliyepotea. Taratibu alizunguka kimyakimya kando ya ua hadi kwenye ngazi ya baraza, akaketi, akatoa kinoo, akaanza kunoa fyekeo. Chwee. Chwee. Polepole, kama anavyonoa siku zote.

Mwalimu aligeuza kichwa. Mkono ukashuka. Akaja moja kwa moja, hatua baada ya hatua, akiifuata ile sauti, na alipokaribia alisema kwa sauti ya darasani, "Taratibu. Leo si Jumanne."

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekosea siku."

"Marahaba. Miaka thelathini hujakosea." Akaketi kando yake, miguu imelowa umande, vipande vya majani vimemganda vidoleni. "Tangu lini umejua?"

"Tangu sasa hivi."

"Mimi ni mwaka wa pili. Kwanza herufi, kisha nyuso. Asubuhi ile nilipoacha kuliona benchi nilivua viatu nikashuka, nikasema nione kama yule mzee mbishi bado anamnyolea marehemu njia yake." Alicheka kidogo. "Ulikuwa unaninyolea mimi, bwana, hujui tu."

"Na daktari?"

"Daktari akijua atanipeleka kwake ghorofa ya tano. Nitakaa dirishani nisione kitu. Nyamaza."

Taratibu alinyamaza. Alikuwa na kipaji hicho.

Jumamosi daktari alirudi ili waijaribu ile ya kijani. Taratibu aliomba apewe maelezo, akayasoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, kwa kuwa alijifundisha kusoma ukubwani na hakuamini maneno anayosomewa. Mashine ile ilikuwa kipofu. Haikujua kitu ila waya uliofukiwa ardhini: ikiusikia waya, inageuka. Ukiuzungusha waya mahali, hapo haiingii maisha yake yote.

"Chukua hii," alimwambia daktari.

"Mjomba, jamani. Ile nyingine ina akili mara kumi. Hii inatangatanga kama mlevi."

"Ile ina akili ya kwake. Hii itafuata nitakachoifukia."

"Kama ni mahali pa kuruka, hata ile naweza kuichorea kwenye simu. Sasa hivi tu." Akachora mistari miwili mitatu kwa kidole, ile nyeusi ikatoka kibandani, naye akageukia kiti cha kamba. "Mama, tena hata wewe utaweza. Shika. Bonyeza hapo kwenye kitufe chekundu, itasimama."

Mwalimu alipokea simu. Aliishika vizuri, akaiinamia kama mtu anayesoma. Kidole chake kilishuka, kikabonyeza. Kilibonyeza kando kabisa, kwenye kioo kitupu. Kikabonyeza tena, pale pale.

Mashine nyeusi iliendelea kunong'ona bustanini.

Daktari alimtazama mama yake usoni. Alitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama vinywa vya watu, akitafuta panapouma. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama. Mimi nimevaa nguo ya rangi gani?"

"Usinipe mtihani, mwanangu," alisema Mwalimu. "Mitihani natunga mimi."

Taratibu alishuka barazani awaachie nafasi, akaenda akaizima ile nyeusi kwa kiganja, kwenye kitufe kikubwa cha mgongoni. Kutoka pale alisikia sauti zao, ya binti ikipanda na kuvunjika, ya mama ikirudia jambo moja tu: kwamba kuna njia, kwamba baba yake aliitembea miaka minane, kwamba ghorofa ya tano haina nyasi. Mwishowe daktari alikuja, macho mekundu, viatu mkononi.

"Nionyeshe hiyo njia, mjomba."

"Haipo. Imenyolewa. Lakini naijua."

Walifanya kazi mchana kutwa. Taratibu alipasua ardhi kwa panga, kina cha vidole vitatu, na daktari akafuata nyuma yake akilaza waya na kushindilia udongo kwa nyayo. Kwanza bustani yote, kisha kuizunguka njia, mshipi mwembamba kutoka barazani hadi ngazini, mashine isiingie. Kimo cha mashine walikipandisha, nyasi za kando ziwe ndefu. Hakupima kwa kamba. Alikwenda kwa magoti tu, na magoti yalikumbuka kila kona. Ile nyeusi ilirudi kashani.

"Itachukua muda gani kuota?" daktari aliuliza.

"Kando, juma moja. Ukanda wa ngazini, majuma matatu."

"Na majuma hayo matatu?"

"Nitakuja nikae ngazini ninoe fyekeo."

Daktari aliifikiria bustani, akamfikiria mzee. "Basi mashine itakata yote. Wewe umebaki na njia. Hatua arobaini na tatu. Hiyo ni kazi ya saa moja, mjomba, tena ukienda pole."

Taratibu aliutazama uwanja aliokuwa akiufyeka tangu nywele zake nyeusi, na kile kitu cha kijani kikitangatanga ndani yake, kikigonga kitu kisichoonekana, kikigeuka bila hasira. Kilikuwa kimemwachia uzi. Moyo ulimuuma, na hakuuambia unyamaze.

Jumanne alifika mapema, akafungua kitambaa, akapiga magoti mbele ya baraza. Mwalimu alikuwa amekwisha kuvua viatu, anangoja.

"Saa moja tu, nimeambiwa," alisema Mwalimu.

"Nani kasema?" alijibu, akautia mkasi kwenye jani la kwanza. "Mchana tutakuwa bado hapa."