Sauti ya Upande Mmoja

Udi na vumbi la kompyuta iliyopata moto: nikizinusa harufu hizo mbili pamoja, hata leo, huacha nilichokuwa nikifanya. Ni harufu ya sebule yetu ya zamani kule Al Jaddaf, Dubai, mwaka niliokuwa darasa la tatu, wakati Kaka Suleiman alipoingiwa na wazimu wa kurusha sauti kupitia mtandao. Alijifundisha mwenyewe, kama nilivyokuja kujifundisha mimi. Alichomeka maikrofoni kwenye kompyuta kuukuu aliyoipata kwenye mitumba ya Ras Al Khor, na tukawa tunamsikia, "Moja, mbili, moja, mbili," huku binamu yetu Hamadi akimsikiliza kutoka Unguja. Sauti ilichelewa karibu nusu dakika, ikafika na mikwaruzo, tena ilikwenda upande mmoja tu. Shangazi alimcheka. "Redio gani hii, mwanangu, ina msikilizaji mmoja, na huyo naye ni ndugu yako?"

Msikilizaji wa pili alikuwa Bibi, mama yake Mama, huko huko Unguja. Tangu Mama aolewe na kuhamia Dubai bila ridhaa yake, Bibi hakukubali hata mara moja kuzungumza naye kwenye simu. Sasa alikuwa kitandani, anaisha, na pasipoti ya Mama ilikuwa imekwama kwa kafeel wa Baba, yule mdhamini wake wa kazi. Kaka akasema: simu ataikataa, maulidi hatayakataa. Basi Ijumaa moja baada ya alasiri sebule ilijaa kina mama, Hamadi akaweka kompyuta yake kando ya kitanda cha Bibi, na mimi nikapewa maikrofoni niishike. Kabla ya kuanza, Kaka alimpigia Hamadi na kumwonya kama mkubwa: "Usikate mtandao mpaka nikupigie."

Mkono uliniuma, sikuthubutu kuubadilisha. Maulidi yalipokwisha, Mama alipiga magoti mbele yangu. "Mama, ni mimi Zuhura. N'nakuomba radhi. Nambie umenipa." Pumzi yake ililowesha vidole vyangu. Kisha sote tukaitazama kompyuta, kana kwamba ingejibu.

"Khalas, kata, umpigie!" Shangazi akapiga kelele. Kaka akakata, akapiga. Namba inatumika. Akapiga tena. Nyumba ya Bibi ilikuwa na laini moja tu ya simu, na laini hiyo ndiyo iliyoleta mtandao. Hamadi alikuwa bado ameishikilia, akisubiri apigiwe, kama alivyoagizwa. Nilimwona Kaka akielewa. Akaendelea kupiga tu.

Laini ilipopatikana, magharibi ilikuwa imeshaingia na Bibi ameshakwenda.

"Midomo ilicheza, Mama mdogo," Hamadi alisema. "Lakini tulikuwa tumefungulia spika mpaka mwisho, zinanguruma. Hatukusikia."

"Lakini alisema?" Mama akauliza.

"Alisema. Sijui nini."

Leo natengeneza vipindi vya sauti katika chumba kidogo Dubai Investments Park. Nikisema neno, mtu wa ng'ambo hunijibu kabla sijameza mate, na bado nakagua kila waya mara mbili. Kompyuta ya Kaka ilirekodi kila kitu siku ile. Nimeisafisha rekodi hiyo mwaka baada ya mwaka. Nimeondoa mngurumo wa AC, nimeondoa kikohozi cha Shangazi. Baada ya "nambie umenipa" kuna ukimya mfupi kabla ya kelele za kukata. Najua maikrofoni ilikuwa Dubai, mkononi mwangu. Najua jibu haliwezi kuwamo. Mama naye anajua. Hata hivyo, kila nikimaliza kusafisha huja, huketi, huvaa vipokea sauti masikioni, na mimi humpandishia sauti pale penye ukimya, kidogo, kidogo tena, mpaka aniambie inatosha.