Kondoo wa Katekista Pontien

Hamimu alifika kwangu, mtaa wa Buyenzi, asubuhi, akimvuta kondoo wa kaka yangu kwa kamba. Nilipomwona yule kondoo nilicheka kwa furaha. Ndivyo tulivyopatana: kondoo akirudi, ujue Léonce, kijana wa jirani yake, amevuka mpaka, yuko Uvira upande wa Zaire, na sasa kaka yangu Pontien naye anaweza kuondoka.

"Amevuka?" nikamwuliza.

"Amevuka. Pale barieri ya mpaka askari akamwuliza, 'Huyu kondoo nani atakula?' Léonce akajibu, 'Wazaire, afande. Bale banakula yote.' Bakacheka, bakamwacha."

Yeye mwenyewe Hamimu hakucheka. Alikuwa bado amesimama kizingitini. Alikuwa mchuuzi wa mbuzi, mtu wa maneno mengi, na sikuwahi kumwona akitafuta neno.

"Dada Adélaïde, funga mulango kwanza."

Nikafunga.

"Nilienda Carama kumurudishia Mwalimu Pontien kondoo wake. Nikakuta gari ya askari mbele ya nyumba. Bamemuchukua."

Sikulia. Mwaka ule wa 1972 kilio kilisikika nyumba ya pili, na hukujua nyumba ya pili yumo nani. Nilikaa chini sakafuni. Kondoo akaja akanusa sketi yangu, kisha akalala karibu na jiko kama alivyozoea kwao.

Kaka yangu alizaliwa mlimani kwetu, juu upande wa Bugarama, ambako baba alichunga ng'ombe. Katika kila zizi la kwetu palikuwa na kondoo mmoja, kwa sababu kondoo ni mpole na ng'ombe hutulia akiwapo. Hakuchinjwa. Nyama yake haikuliwa, na mtu aliyeila hakuna aliyetaka kuonja chungu chake. Pontien aliposhuka mjini, kabla ya uhuru, akafyatua matofali, akajenga nyumba yake Carama, pembeni mwa mji, na kitu cha kwanza alichofuga kilikuwa kondoo. Mkewe Mwavita, mtu wa Uvira, hakuacha kumtania.

"Kwetu huyu ni mboga," alikuwa akisema. "Kwenu ni mugeni. Siku moja nitasahau kama nimeolewa, nimupike."

"Ukisahau, mi nitakula majani ya mihogo, sombe tupu, mpaka nife," Pontien alimjibu.

Alipofanywa katekista, mwalimu wa dini kanisani, jambo hilo la kondoo lilimsumbua. Alifundisha kwa Kiswahili, maana darasani kwake walichanganyika watu wa Congo na Warundi. Walipofika kwenye somo la Yesu Mwanakondoo wa Mungu, Warundi walitazamana. Mama Dévote, mjane aliyelima mihogo jirani yake, aliuliza waziwazi: "Mwalimu, Mungu alikosa ng'ombe? Mbona alichagua munyama ambaye mutu hali?"

Watu wakacheka. Jumapili iliyofuata Pontien alikuja darasani na kondoo wake. Akaeleza kwamba Wayahudi wa zamani waliweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, wakamtwika dhambi zao, kisha akachinjwa badala yao. Akawaambia kila mmoja aje aweke mkono. Waliweka, wengine kwa aibu. Halafu akamfungua kamba. "Huyu wangu hachinjwi," akasema. "Yule wa kuchinjwa alikwisha kuchinjwa. Damu ni ile moja." Tangu hapo alifanya hivyo kila mwaka kabla ya Pasaka. Kondoo alizeeka, akaja mwingine, na somo likabaki lile lile. Mwishoni mwa somo aliwasimulia jinsi Bwana alivyopelekwa kuuawa bila kusema neno.

Halafu ukaja mwezi wa tano. Watu wa kabila letu waliitwa na serikali kutoka kazini kwao, shuleni, nyumbani. Waliambiwa waje ofisini mara moja, kuna maswali kidogo. Walienda, hawakurudi. Sijui kueleza hofu ile kwa mtu ambaye hakuwapo. Ulisikia injini ya gari ikipunguza mwendo, ukaacha kutafuna. Gari likipita, ulimshukuru Mungu, kisha ukaona haya, kwa sababu lilikuwa linakwenda kwa mwingine.

Sylvère, mwana mkubwa wa Mama Dévote, aliitwa. Alipiga pasi shati lake akaenda kwa miguu yake mwenyewe, bila kusindikizwa. Nilikuwa Carama siku mama yake alipokuja kwa kaka yangu. Hakuketi.

"Nilimwambia, mutoto wangu, kimbia, Zaire ni hapo. Akaniambia, 'Mama, Mwanakondoo hakufungua kinywa. Mwalimu alitufundisha.'" Akamtazama Pontien. Hakukuwa na hasira usoni mwake. "Mwalimu, ni kweli ulimufundisha vile?"

Pontien akasema, "Nilifundisha nusu, mama."

Kuanzia siku ile hakupumzika. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wanafunzi wake, jembe begani, kama mtu anayetafuta kibarua cha kulima. Kote alisema lile lile: Bwana alinyamaza kwa ajili yetu, wala hakutuagiza tunyamaze. Mwanakondoo alikufa mara moja, na Mungu hadai mwingine. Wanaotaka wengine ni watu. Mwenye miguu avuke.

Mwavita alimsihi aanze yeye. "Unafukuza kila mutu, we unabaki kufanya nini? Unataka kuwa Yesu wa Carama?"

"Apana. Yesu yuko mumoja. Mi ninaogopa kama wewe." Akachukua jembe lake. "Lakini Léonce ameitwa. Mama Dévote asipoteze wa pili kwa somo langu."

Alimtanguliza Mwavita na watoto kwao Uvira. Léonce, mdogo wa Sylvère, alikuwa kijana wa kuogopa hata mbwa, na peke yake asingepita barieri. Ndipo Pontien akampa kondoo, akamkabidhi kijana kwa Hamimu, waende kama wachuuzi wawili. Hakutaka kuondoka kabla kondoo hajarudi. Kama Léonce angekamatwa njiani, alisema, nani angemwambia mama yake?

Kwa hiyo alikuwa akingoja kondoo, na gari likafika kabla yake.

Nilimwomba Hamimu anieleze alichokiona. Majirani walikuwa wamejifungia, lakini madirisha yalikuwa wazi kidogo. Walipomtoa kaka yangu nje, alisimama akauliza kwa sauti ya darasani, "Kosa langu ni gani?" Wakampiga. Akauliza tena, na hata alipokuwa juu ya gari alikuwa bado anauliza.

"Mi nilifikiri amepata wazimu," Hamimu alisema. "Mutu wa sala, anapiga kelele vile."

Nilijua hakuwa na wazimu. Alikuwa anamalizia somo, na wanafunzi wake walikuwa nyuma ya madirisha.

Mwili hatukuupata. Kuuliza kulikuwa kujitafutia gari lako mwenyewe. Matanga yalikatazwa, hata kukaa pamoja nje ya nyumba. Tulingoja mvua za kwanza, kwa sababu wakati wa mvua hakuna anayeshangaa kuona watu wanachimba.

Mwavita alivuka kutoka Uvira na Hamimu, kikapu cha dagaa kichwani. Tulikutana mchana katika shamba la Pontien: yeye, mimi, Mama Dévote na wanawake wawili wa darasa lake, kila mmoja na jembe. Hamimu alikaa kando ya njia na kondoo, kama anayemlisha. Tulilima tuta refu, katikati tukachimba shimo. Ndani ya kikapu, chini ya dagaa, lilikuwamo koti la Jumapili la kaka yangu, tulizike badala yake.

Mtu mmoja wa chama tawala alipita, akasimama.

"Mnapanda nini, ninyi wote kwa kashamba haka?"

Mama Dévote hakuacha kuchimba. "Viazi, mwanangu. Wanawake tukiwa wengi tunasema watu, kazi inaisha."

Akacheka, akaenda zake. Tulisubiri mpaka hatukumwona tena.

Mwavita akalilaza koti ndani ya shimo, akanyoosha mikono miwili ya koti. Mama Dévote akainama, akaweka kiganja juu yake, kama alivyofundishwa kuweka juu ya kichwa cha kondoo. Mwavita akamshika mkono, akauondoa polepole.

"Apana, mama. Usimubebeshe kitu. Yeye si kondoo yetu. Ni bwana yangu tu, na walimuua."

Mama Dévote akaitikia kwa kichwa. Tukasema kwa kunong'ona ile sala ya Mwanakondoo wa Mungu tunayosema kabla ya komunyo, mara tatu kama kanisani. Nililia bila sauti. Tukafunika udongo, tukachomeka miche ya viazi juu ya tuta lote. Mwavita alichukua kikapu chake na kamba ya kondoo, akatangulia na Hamimu kuelekea barabara ya mpaka. Sisi wengine tuliondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake.