Mlango wa Nyuma wa Gari la Deraya

Mtaani walimwita Kifaru, naye hakuchoka kuwasahihisha. "Kifaru kina minyororo. Langu lilikuwa gari la deraya, matairi sita." Wapi! Jina lilikuwa limeshamganda.

Alikuwa baba yangu. Ujanani aliendesha gari hilo vitani; aliporudi akawa fundi wa kuchomelea matangi ya maji, hadi macho yakashindwa kuvumilia mwanga wa kuchomelea. Akaacha kazi, mama akafariki mwaka huohuo, na nyumba ikapoa. Hapo ndipo alipoanza kukusanya makopo ya maziwa.

Alikata bati kwa mkasi, akalainisha kingo kwa tupa, akaunga vipande kwa lehemu juu ya meza yetu ya chakula. Alikuwa akiunda mfano wa lile gari lake la vitani, wenye urefu kama wa mkono wangu, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Vichwa vya ribiti, zile pini za kuungia mabati, alivitokeza kwa kugonga msumari butu upande wa ndani, kimoja kimoja. Akikosea kimoja tu, bati lote linatupwa. Rangi ya kijani aliichanganya na masizi ili ising'ae.

"Baba, nani atahesabu ribiti zote hizo?"

"Mimi."

Miezi saba ikapita, kila kitu kimekamilika isipokuwa mlango wa nyuma. Nikimuuliza, anasema bawaba zinamsumbua.

Asubuhi moja alikuja Shangazi. Hakuwa wa damu yetu. Alikuwa dada wa mpiga mzinga aliyefia ndani ya gari lile, na tangu utoto wangu alikuwa akitutembelea kama ndugu. Alivaa miwani, akainama mezani.

"Kaka alikaa wapi?"

Baba akamwonyesha kiti cha waya chini ya mzinga. Shangazi alikigusa kwa ncha ya kidole.

"Afadhali alikata roho papo hapo, kama ulivyoniambia. Hakuteseka."

Baba aliweka tupa chini. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akiitikia maneno hayo kwa kichwa. Safari hii hakuitikia.

"Dada, nilikudanganya. Tulipopigwa, mlango wa nyuma ulijipinda. Mimi nilitokea juu, kwenye tundu la dereva. Nikazunguka nyuma, nikauvuta hadi mikono ikaungua. Ukagoma. Moto ulipozidi nikakimbia, naye bado anagonga."

"Aliita?"

"Aliniita mimi."

Shangazi alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani. Ilimchukua muda kuufunga ule mkoba.

"Ungeniacha na uongo wako," alisema. "Nilikuwa nimeshauzoea."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilipotaka kumshika mkono avuke, aliuondoa.

Niliporudi ndani Baba aliniuliza, "Nimekosea?" Nikaanza kufuta meza.

Shangazi hakuja tena. Baba alimpigia simu wiki tatu mfululizo, ikaita tu. Gari hakuligusa tena, na mwishowe nikalipandisha juu ya kabati, maana meza tuliihitaji.

Mwaka uliofuata jirani wa Shangazi alituletea habari za kifo chake, siku nne baada ya maziko. Baba aliingia chumbani, akavaa shati lake jeupe la misibani na viatu, akatoka akaketi sebuleni. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote. Alikaa hivyo, kafunga vifungo hadi shingoni, mpaka jua likazama.