Disque mpya ya bureau

Miaka mitatu nilifanya kazi katika bureau, ofisi ya shule moja ya Kimemi, hapa Butembo, pamoja na mama mmoja aliyenifundisha kazi yote. Ordinateur yetu, kompyuta moja tu, ilikuwa ya zamani, sanduku lake liko chini ya meza, naye aliiwasha kwa kidole cha mguu, kiatu pembeni. Tulimenya karanga sahani nzima kabla haijawaka. Katika muda huo alinionyesha kila dossier, kila faili, iko wapi, na mzazi gani hukasirika jina lake likiandikwa vibaya.

Nilipotoka matanga kule Beni nilirudi na disque ya SSD ya kuhifadhia kazi za mashine, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inayofanya mashine iwake upesi. Nilifungua sanduku, nikapuliza vumbi, nikahamisha kila kitu, nikafunga vis, zile skrubu zake. Mama alinishikia tochi ya simu. Alifurahi kuliko mimi.

Asubuhi tulimwita préfet, mkubwa wa shule. Nilibonyeza kitufe. Kabla hajakaa vizuri, écran, kioo cha mashine, ilikuwa tayari.

“Donc ni mashine ndiyo ilikuwa inachelewesha kazi?” aliuliza. Akamgeukia mama. “Mama, andika attestation moya. Tuone.”

Mama akakaa aandike hicho cheti cha mwanafunzi. Vidole vyake viwili vilitafuta herufi. Préfet alitoa simu, akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti. Walimu wawili walisimama mlangoni. Alipofika mia moja, mama alikuwa bado kwenye mstari wa kwanza. Aliandika jina la mtoto vibaya, akafuta, akalikosea tena. Walimu wakacheka. Nami nilicheka. Hakuna aliyenilazimisha. Préfet alikuwa ananitazama, na nilitaka ajue niko upande wake.

“Haikukuwa mashine,” alisema préfet. “Ni weye.”

“Préfet, niko naandika pole pole, mais sikoseake.”

“Umekosea sasa hivi, mbele ya batu.”

Ijumaa, préfet akiwa amemwondoa kazini, mama alinikabidhi funguo. Alinieleza ile ya kabati inavyokwama, na namna ya kuizungusha isivunjike. Nilijibu, “Merci, mama,” basi.

Mwaka uliofuata nilimkuta sokoni anauza makaa, mikono myeusi hadi viwiko. Nilimwamkia, nikainama nimsaidie kuinua gunia.

“Acha,” alisema, bila kupaza sauti. “Bureau iko namna gani?”

“Iko muzuri, mama.”

“Basi cheka kwanza, kisha upite.”

Wauzaji wenzake wakanitazama. Nilipita.