Ukuta yenye nilisafishia mutu wa asiransi

Kwetu Bukavu, mukubwa akikuja, tunafanya salongo: tunafagia, tunapaka chokaa. Hiyo desturi ndiyo iliniponza.

Nilikuwa najenga dispansere ya Serikali, nyumba ya kutunzia wagonjwa, kule Katana. Mvua ikaangusha ukuta muzima. Nikaandikia asiransi, watu wa bima, walipe hasara. Wakajibu kwamba eksperi wao atakuja kujionea.

Sikutaka akute uchafu. Tukajenga ukuta upya, tukaipaka chokaa, tukatupa matofali yote yenye ilivunjika.

Eksperi akashuka na kamera, akazunguka nyumba mara mbili.

"Citoyen, ukuta yenye ilianguka iko wapi?"

Nikamuonyesha. Akaigusa. Kidole ikatoka nyeupe.

Papa Cirhuza, fundi wangu, aliniona natoka jasho, akataka kunisaidia.

"Patron," akasema mbele ya eksperi, "tuiangushe tena?"